Nusu ya Zuhura

Rehema mjukuu wangu, na nyie wenzake mnaorekodi hadithi kwa simu hapa Kibiti, swali lenu limenifikia. Mnataka kujua, katika vile vitabu vya Funga Mlango nilivyovitembeza ujana wangu wote na uzee wangu nusu, ni hadithi zipi nilizipenda. Nikaona swali jepesi, nitalijibu kabla chai haijapoa. Chai imepoa, bibi yenu kaipasha, imepoa tena. Kila hadithi ninayotaka kuitaja inakuja na watu niliowasomea, na hao watu ndio walionivuruga kichwa mpaka leo.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wenu mnanijua kama mzee wa barazani tu, mwenye redio na kikohozi. Funga Mlango kilikuwa kitabu chembamba cha hadithi za kutisha, kikitoka karibu kila mwaka, kila hadithi na mwandishi wake. Jaladani palichorwa mlango ulioachwa wazi kidogo, na kilichobadilika ni rangi ya ule mlango. Wateja wangu hawakujua toleo la kwanza wala la kumi. Walisema nipe mlango wa kijani, au mlango mwekundu umeshafika? Nilivifuata Kariakoo, nikavifunga kwenye nailoni, nikavipeleka magulioni kwa baiskeli: Ikwiriri, Mkongo, hata Ngarambe. Upande wa delta nilipanda boti pale Nyamisati, kitabu kifuani, kwa sababu mzigo ukilowa hununui mwingine kwa maneno matamu.

Na sikuwa nauza kwa kupiga kelele. Nilikuwa nasoma. Nilisimama pasipo na muuza vitumbua, nikaanza hadithi kwa sauti ya chini ili watu wasogee wenyewe, nikafika katikati, nikafunga kitabu. Anayetaka mwisho anunue. Ndiyo maana wakaniita Mzee Nusu hata kabla sijawa mzee.

Hapo pana ufundi, na huu nawapa bure. Wasomaji wachanga hukata pale mlango unapofunguka, wakidhani ndipo penye utamu. Sivyo. Mlango ukishafunguka, msikilizaji ameshajichorea kilichomo ndani, na alichojichorea mwenyewe kinamtosha, anakwenda zake kununua dagaa. Kata mapema zaidi, mkono ukiwa kwenye komeo na mtu bado anasita. Vuta pumzi kama unayetaka kuendelea, halafu funga kitabu. Ile pumzi ndiyo inayouza. Nao watakuwa wameshavuta ya kwao, wamebaki nayo kifuani hawajui waipeleke wapi. Rehema anasema siku hizi bando likikata katikati watu wanakasirika na kuzima. Mimi naona bando linakata ovyo kwa sababu halijui kuvuta pumzi.

Haya, hadithi. Ile ya cherehani niliipenda sana, ndiyo ya kwanza kwenye mlango wa buluu, mkumbuke rangi hiyo. Fundi ananunua cherehani ya fundi aliyekufa, na kila akikaa kushona gauni la mteja, inayotoka ni sanda, kwa kipimo cha mteja yule yule. Niliisoma nyumbani mchana kweupe nikasogeza mgongo ukutani. Nikaipeleka Ikwiriri penye mafundi wengi, nikijua nitarudi na mfuko mtupu. Nikafika pale fundi anaponyoosha kitambaa akione, nikavuta pumzi, nikafunga. Fundi mmoja, miwani puani, hakuacha hata kukanyaga pedali.

"Sanda haishonwi kwa cherehani," akasema. "Inakatwa, inafungwa. Huyo aliyeandika hajawahi kufiwa."

Wenzake wakakubali kwa vichwa, na hapo hadithi ikafa. Wakaanza kubishana vipande vya sanda ya mwanamume na ya mwanamke, nami nimesimama na kitabu changu kama mtu aliyekosea harusi.

Mkongo niliwasomea ile ya mgeni anayekuja wakati wa chakula na chungu kisipungue, wenye nyumba wanakula, wanakula, wala hawawezi kuinuka. Mimi ilinitisha. Wale akina mama wakaniuliza mgeni huyo anapatikana wapi, maana mwaka ule mpunga ulikuwa umekwenda na maji. Ngarambe sikuuza hata kimoja. Mtu aliyeamka kumfukuza tembo kwenye mahindi yake, unamsomea habari za jini la msituni, anakutazama tu kwa huruma.

Na ile ya maiti anayerudi matangani kwake ndiyo iliyonichanganya zaidi. Watu wamekaa kwenye mikeka, marehemu anaingia na koti lake, anakaa katikati yao, anauliza chakula chake. Nikaisoma hapa Kibiti kwa sauti ya kaburini. Kabla sijafika nusu watu wakaanza kucheka, mpaka mwingine akaegemea baiskeli yangu ikaanguka. Nilipokuwa nasoma peke yangu nilisahau jambo ambalo nimekua nalo. Kwetu mtu akifa, mtani wake huvaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na sauti yake, hudai wali, huwagombeza wajane, hata waliofiwa wacheke wapende wasipende.

"Huyo si mzuka," mama mmoja akaniambia akifuta machozi ya kicheko. "Mtani huyo. Mwandishi wako kasahau kumpa pilau."

Sasa niambieni. Nilikuwa mtu wa hapa hapa, nimeona watani wakifanya hivyo tangu utoto, na bado kwenye karatasi ilinitisha. Kwa nini? Nimeuza woga miaka mingi na sijui unakaa wapi ndani ya mtu. Niliacha kubahatisha, nikawa nasoma tu chochote na kungoja kuona nani atasogea.

Ndivyo nilivyoisoma ile iitwayo "Aliyeitwa Alasiri", pale Maparoni, huko delta, kwenye kivuli cha banda wanaposubiri boti za mchele. Nayo ni ya mlango wa buluu, mzigo mpya, nilikuwa nimeufungua asubuhi hiyo hiyo; katika ule wa kwanza, uliokwisha, nilisoma ile ya cherehani tu. Ni habari ya mwanamke aliyepotelewa na mume majini. Kila alasiri sauti inamwita kwa jina kutoka mtoni, kama mume amwitavyo mkewe aje ampokee mzigo. Majirani wanamwambia asiitike. Siku moja amekaa kwenye dungu, kile kibanda cha juu cha kuamia ndege shambani, anaitwa, na anafungua mdomo. Hapo ndipo nilipovuta pumzi na kufunga kitabu.

Hakuna aliyecheka. Vitabu vyote nilivyokuwa navyo vikachukuliwa, nikapanda boti nikijiona bingwa. Niliporudi safari iliyofuata, nilipokewa na nyuso kavu. Wakanifunulia kitabu. Mwanamke anafungua mdomo aitike, unageuza ukurasa, unamkuta fundi cherehani anatia uzi kwenye sindano. Kiwanda kilikuwa kimerudia kurasa za hadithi ya kwanza na kuziacha za mwisho. Vyote vilikuwa hivyo hivyo.

Nikaenda Kariakoo. Duka lililonipa mzigo halikuwa na kizima hata kimoja. Muuzaji mmoja wa jirani akaniambia anaikumbuka hadithi hiyo vizuri: mwanamke anaitika, anashuka, anaingia majini. Mwenzake wa meza ya pili akasema hapana, mwanamke ananyamaza, na sauti inahamia kwa mke wa jirani. Wote wawili waliapa wamekisoma kitabu kwa macho yao, wakagombana, mimi nikaondoka na miisho miwili na kitabu hamna.

Kumbe pale kwenye banda la Maparoni, kati ya wasikilizaji wangu, alikuwepo Zuhura. Sikumwona siku ile, wala sikuwa na habari ya msiba wake. Mumewe, Shabani, alikuwa amevuka kwenda kwenye shamba lake la mpunga na hakurudi. Mtumbwi ulikutwa umepinduka, na shati lake likakutwa limechanika kwenye mikoko. Zuhura akamtuma mwenye boti kwangu na maneno machache: mwambie Mzee Nusu aniletee nusu yangu.

Nilimkuta barazani kwake akipepeta mchele.

"Shikamoo, mtani," akasema.

Watu wa milimani, ndivyo delta wanavyotuita sisi wa Kibiti, na ukoo wake tulikuwa watani wa siku zote, na Zuhura alikuwa na ulimi. Nilizoea nikishuka tu kwenye boti nianze kutukanwa miguu yangu na baiskeli yangu. Siku hiyo nilipata shikamoo kavu, nikaogopa.

"Marahaba, bibie. Mbona hunitukani?"

"Sina nguvu za kukutukana. Nusu yangu umekuja nayo?"

Nikamweleza habari ya kiwanda. Akasikiliza mpaka mwisho, ungo mapajani.

"Kitabu sikitaki. N'ambie kwa mdomo. Yule mwanamke aliitika, hakuitika?"

Nikampa miisho yote miwili kama nilivyopewa. Akaweka ungo chini.

"Shabani ananiita mie," akasema. "Kila siku baada ya alasiri, pale chini gatini. 'Zuhura, njoo upokee.' Vile vile alivyokuwa akirudi na mzigo. Wakwe zangu washamswalia ghaibu, sheikh kasema dalili zinatosha, wanataka niingie eda. Ntakaaje eda ya mtu ananiita? Na kama si yeye, nikiitika ntakuwa nimemwitikia nani?"

Nimebuni miisho mingi kuwaridhisha watu vitabu vilipoisha, na wakaondoka wamefurahi. Siku ile mdomo ulikataa. Nilimwonea huruma hata nikashindwa kumtazama.

"Sijui, Zuhura," nikasema.

"Unauza hadithi tangu sijazaliwa, na mwisho huujui?"

"Huo siujui."

Akachukua ungo wake akaendelea. Nikaondoka bila kuaga sawasawa.

Mama mkwe wake, Bi. Mwajuma, alinifuata kisimani. Alikuwa amepoteza mwana, macho yamevimba, lakini wasiwasi wake siku hiyo ulikuwa kwa mkamwana. Akaniambia majuzi alimkuta Zuhura amesimama mtoni, maji yamefika magotini, anasikiliza. Nyie mnaujua mto wetu. Mamba haulizi kama mtu ana msiba.

"Siku mbili tatu hizi atazama," akasema. "Mie nshamzika mmoja bila maiti, sitaki wa pili. Wee ni mtani wetu. Siku ya khitma vaa shati la Shabani, mwite kutoka gatini. Akimwitikia mtu mwenye miguu, mbele za watu, atacheka. Akicheka itakuwa imekwisha."

"Na asipocheka?"

"Basi tena, ntakuwa nimejaribu."

Nilikubali kwa sababu utani haukataliwi, lakini moyo haukukubali. Nimekwisha kuwaambia, hadithi ya maiti anayedai wali ilinitisha nikiwa peke yangu. Sasa niwe mimi maiti mwenyewe, tena nimwite mwanamke ambaye sijui akiitika kutatokea nini. Ule mwisho wa kwanza wa Kariakoo ulikuwa haunitoki kichwani.

Siku ya khitma ikafika. Watu walisoma, wakala, mikeka ikajaa mpaka uani. Zuhura alikataa kukaa ndani na wanawake. Alikaa kizingitini, uso umeelekea mtoni, na kila mtu alijua anangoja nini. Alasiri iliposwaliwa nikapita nyuma ya nyumba na shati la Shabani la buluu, kofia yake, na jembe lake begani. Nikateremka gatini, nikasimama nyuma ya banda la nyavu. Chini palikuwa na vijana wawili wakifunga mitumbwi. Nikawaonyesha kidole mdomoni, wakatabasamu.

Nikajiweka tayari. Nikasema moyoni, ni jina moja tu, litamke kama alivyokuwa akilitamka mwenyewe. Nikavuta pumzi.

"Abee," akasema Zuhura kule juu. "Nimesikia."

Naomba mnielewe hapo. Mimi nilikuwa bado. Pumzi yangu ilikuwa kifuani, yote, sijatoa hata herufi moja. Nikabaki nimeachama, jembe begani. Na juu nikasikia wanawake wanaangua kicheko, "Mtani huyo, mtani kaja," wakipiga vigelegele, maana wao walichosikia ni mwitikio, na kila mwitikio una aliyeita.

Nikapanda, ningefanya nini? Nilijikongoja na jembe langu, wao wakadhani naigiza uchovu wa Shabani, wakacheka zaidi. Nikatupa jembe uani. Nikadai wali wangu. Nikauliza jogoo wangu kaliwa na nani nikiwa safarini, na kwa nini mke wangu kanenepa hivi, halafu nikasema shemeji zangu wote wana nyuso za watu waliokula jogoo. Zuhura alikuwa bado anatazama mtoni. Kisha akanigeukia, akaliona lile shati kwenye mwili wangu, limenikaa kama gunia, akacheka. Akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio kikubwa, cha kwanza, Bi. Mwajuma aliniambia baadaye, tangu mtumbwi ulipokutwa. Mama mkwe akamshika mkamwana wake, wakaingia ndani pamoja. Jioni ile ile Zuhura akaanza eda.

Niliwafuata wale vijana wa mitumbwi.

"Mlinisikia nikiita?"

"Tulikusikia," akasema mmoja. "Shabani mtupu. Mzee, una kipaji."

Nikamuuliza mwenzake, naye akasema hivyo hivyo. Nikaanza kujihoji. Labda niliita kweli na woga ukanisahaulisha. Lakini kazi yangu yote imesimama kwenye kitu kimoja, kujua kama nimeshatoa sauti au bado. Mchukuzi anajua kama gunia liko begani au liko chini. Nilijua, na mpaka leo najua, na kujua huko hakunisaidii chochote.

Eda ilipokwisha nikarudi Maparoni na mzigo wa mlango wa manjano. Zuhura alikuwa gatini, ungo miguuni, akipokea magunia ya mpunga, ananyoosha kidole huku na huku, anawagombeza wapakizi.

"Wee mtani," akasema aliponiona, "hiyo miguu au nguzo za dungu? Bado unawauzia watu nusu nusu?"

Nilifurahi kutukanwa mpaka macho yakaniuma. Nikamwambia yeye mwenyewe ananuka matope na kamba wabichi, tukacheka. Walipoondoka wapakizi, nikashindwa kujizuia.

"Zuhura, siku ile ya khitma ulimwitikia nani?"

"Si wewe? Wewe ndiwe uliyeniita."

"Mimi sikukuita. Nilikuwa ndio kwanza navuta pumzi."

Nilitaka acheke, anitukane, aniambie nazeeka. Akageuza uso, akautazama mto. Ilikuwa alasiri, maji yanakupwa, hapakuwa na kitu ila boti moja inageuza pua.

"Hajaniita tena tangu siku hiyo," akasema. Kisha akajitwisha ungo wake. "Basi, mtani, hiyo ndiyo nusu yako. Kaa nayo wewe sasa."

Akapanda kwenda kwake. Aliolewa tena miaka ya baadaye, ana watoto, na kila tukionana ananitukana vizuri. Hatujalizungumza tena, na mimi sina ujasiri wa kulianzisha.

Kwa hiyo Rehema, hadithi niliyoipenda kuliko zote ni hiyo yenye kurasa zilizokosekana, na hata sijui kama kuipenda ndilo neno lake. Irekodini mkipenda. Someni taratibu, bila muziki wa kutisha, mpaka pale mwanamke anapofungua mdomo. Mkinialika mimi niisome, msishangae nikichelewa hapo. Siku hizi nikishavuta pumzi, nanyamaza kwanza, nisikilize kama kuna mtu ameshaitika.